Kuondolewa kwa Babu kwenye Orodha ya Hatari za Nyumbani

Kwako Mheshimiwa Afisa wa Afya ya Familia,
Kituo cha Afya cha mtaa wetu.

YAH: OMBI LA KUTOLEWA NAMBA NNE

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umelala vya kutosha na umekunywa maji yaliyochemshwa, kama kalenda yako inavyotaka. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, ninayeishi kwa binti yangu, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga unga. Ulifika kwetu mwezi Juni. Ni mimi niliyekuletea kiti.

Januari iliyopita kituo chako kiligawa kalenda ya Familia Salama Mwaka Mzima, pamoja na fomu. Nimeisoma kalenda yote, hata maandishi madogo ya mchapishaji, na sina ugomvi nayo. Januari ni kuhesabu wakazi na kuangalia kadi za chanjo. Februari madimbwi na vyandarua. Machi mikono na sabuni. Na kuendelea hivyo hadi Desemba, ambapo wewe mwenyewe utapita nyumba kwa nyumba kubandika stika ya Nyumba Salama kwa watakaostahili. Ugomvi wangu uko kwenye agizo kwamba kila nyumba iteue mtoto mmoja awe Mkaguzi. Nyumbani kwetu mtoto ni mmoja. Ana miaka minane, hana meno mawili ya mbele, na tunamwita Bibi kwa sababu alirithi jina la marehemu mke wangu. Uchaguzi haukuwa mgumu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba nimeandikwa. Kwenye fomu, sehemu ya Hatari za Nyumbani, kwa mwandiko mzuri ambao nilimfundisha mwenyewe, pameandikwa hivi: moja, mafuta ya taa, mbili, waya uliochubuka nyuma ya redio, tatu, ngazi ya mlango wa nyuma, nne, Babu, tano, maji ya moto. Maelezo ya hatari namba nne yamekuwa yakiongezwa mwezi hadi mwezi, na sasa yanasomeka: "Anasahau dawa. Anasema amenawa. Anapanda viti." Kwenye safu ya kuuliza kama hatari imedhibitiwa, mafuta ya taa yamepata "Ndiyo". Ngazi imepata "Ndiyo" tangu baba yake alipoipigilia ubao. Mimi nina "Kiasi", kuanzia Februari mpaka leo.

2. Kwamba utaratibu wa ukaguzi haufuatwi. Mheshimiwa, nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka kumi na tisa, katika nchi ambayo sasa naiona kwenye ramani tu. Tulikuwa tunatoa taarifa wiki mbili kabla. Hatukumkagua ndugu wala jamaa. Aliyekaguliwa alikuwa na haki ya kujieleza kwa maandishi. Bibi huja kila asubuhi kabla ya kwenda shule, penseli imefungwa kwa uzi shingoni, na hanipi hata nafasi ya kuvaa miwani. Hunusa viganja vyangu. Huniambia nitoe ulimi. Huhesabu vidonge vyangu kiganjani mwake, husubiri nimeze, kisha huniambia nitoe ulimi tena, kwa sababu mwezi Machi nilimeza kimoja kwa uongo. Kosa hilo nililikiri na kuomba radhi. Halijafutwa.

3. Kwamba wageni wangu wananyanyaswa. Nina rafiki mmoja, kinyozi mstaafu, anayeishi peke yake katika chumba cha nyuma cha duka la viatu, ambaye huja alasiri tucheze drafti. Siku moja Bibi aliniuliza mbele yake kama nimekwenda choo tangu jana. Kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Bibi akamwandika pembeni ya karatasi, kwa kuwa mistari ilikuwa imekwisha: "Hatari inayotembea. Anakohoa hewani." Tangu hapo mtu mzima huyu hunawa kwenye ndoo ya mlangoni kabla ya kushika kete, na kikohozi kikimjia hugeukia kiwiko chake, kama alivyofundishwa, akageuka tena na kukuta amesahau zamu ilikuwa ya nani. Amevuka mipaka miwili kama mimi, na anasema hakuna afisa wa forodha aliyewahi kumhoji namna hii. Siku hizi anafika mapema kuliko zamani, nadhani ili amalize kunawa.

4. Kwamba mali yangu imehamishwa bila idhini. Kwa miaka thelathini na moja, kila nyumba niliyolala, na zimekuwa nyingi, mkoba wangu umekaa kando ya mlango. Ndani yake mna mashati mawili, kipande cha sabuni, tochi, vyeti vyangu, na kadi ya chanjo ya binti yangu. Binti yangu sasa ana miaka thelathini na mitano, ni fundi cherehani katika kiwanda cha sare za shule, na sidhani kama kuna muuguzi atakayemuuliza kama alichanjwa surua. Lakini kadi hiyo niliibeba kifuani ndani ya mfuko wa plastiki tulipovuka mto. Vyeti vyangu vililowa. Kadi haikulowa.

Mwezi Julai, ambao kwenye kalenda yako ni mwezi wa kuzuia kujikwaa, Bibi aliuandika mkoba "kizuizi mlangoni", akamtaka baba yake auweke juu ya kabati. Sasa nakuuliza, mtu mwenye mkoba juu ya kabati, na mwenye mazoea ya kuhakikisha kila jioni kwamba vitu vyake vimo, atafanya nini? Atapanda kiti. Kwa hiyo kosa la kupanda viti limeletwa na ukaguzi wenyewe, na limeandikwa na mkaguzi yuleyule aliyelisababisha. Enzi zetu mkaguzi wa namna hiyo angehamishiwa ghala la vitabu.

5. Kwamba utumishi wangu wa nyuma haukuhesabiwa. Mwaka tulioondoka kwetu tuliishi miezi minne kwenye darasa moja, familia kumi na moja, mipaka ya vyumba ikiwa mistari ya chaki sakafuni. Mimi ndiye niliyeichora. Mimi ndiye niliyepanga zamu za kuchemsha maji kwenye debe, niliyeng'ang'ania choo kichimbwe mbali na kisima, na niliyesimama mlangoni kila asubuhi kukagua mikono ya watoto ishirini na sita. Sabuni ilipokwisha walinawa kwa majivu. Walinichukia. Walinipa jina la Bwana Kucha, na walikuwa wakiniigiza nyuma ya ukuta wakidhani sisikii.

Msimu ule wa mvua, darasa la jirani lilizika watoto wawili kwa kuhara. Letu halikuzika mtoto. Tulizika mtu mzima mmoja, aliyekuwa akisahau dawa zake kwa kuhangaikia za wengine. Jina lake unalo kwenye fomu, sehemu ya Mkaguzi.

Hakuna aliyetuletea stika, na sikuidai. Lakini mtu mwenye rekodi hiyo kuwekwa chini ya ngazi yenye vipandio vitatu, naona si sawa.

6. Kwamba sheria haiwabani wote. Kama Babu ni hatari, basi na tuandikwe sote. Binti yangu anakula amesimama, na mwaka huu amejichoma sindano mara tatu. Mkwe wangu, dereva wa lori, anarudi na mafua ya miji mitatu na kutugawia kwa usawa. Mkaguzi huacha viatu vyake kwenye kipandio cha pili. Kalenda yenyewe imetundikwa kwa msumari ulio usawa wa jicho langu la kushoto. Na kituo chako, uniwie radhi, kina bango la kunawa mikono juu ya bomba ambalo halijatoa maji tangu Agosti. Sikuachi wewe pia, Mheshimiwa. Juni ulipotutembelea ulikunywa glasi mbili za maji yetu bila kuuliza kama yamechemshwa. Yalikuwa yamechemshwa. Niliyachemsha mimi, hatari namba nne, kwa kutumia hatari namba moja.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima na taadhima:

(a) Jina langu liondolewe kwenye orodha kabla ya ziara yako ya Desemba.

(b) Ikishindikana, nipandishwe hadi namba moja. Umri wangu hauniruhusu kutanguliwa na waya.

(c) Ukaguzi wa binadamu usifanywe na mtu ambaye hajatimiza miaka arobaini, au walau meno yote.

(d) Yote yakikataliwa, siku utakayokuja mimi nisiwepo. Nimemsikia binti yangu akimwambia mumewe jikoni kwamba nyumba yenye hatari isiyodhibitiwa haipati stika, na wakashusha sauti. Bibi amekwisha kuosha sehemu ya mlango itakapobandikwa. Ameiosha mara nne. Siwezi kuwa mimi wa kuuacha mlango ule mtupu. Nimekubaliana na kinyozi nihamie kwake, kwa wiki ile, au kwa muda wowote utakaoona unafaa kiafya. Chumba chake kina hatari nyingi kiasi kwamba moja zaidi haitaonekana. Usinionee huruma. Kuhama nimekufanya kwa muda mrefu kuliko ukaguzi, na sijawahi kulalamikiwa.

Nifikishie salamu kwa muuguzi wa chanjo, yule anayeahidi kuhesabu hadi tatu na kuchoma kwenye mbili. Kwa mlinzi wa geti, ambaye hunipa kivuli chake nikisubiri. Kwa mama wa usafi, anayeleta maji ya ndoo pale chini ya bango. Na kwa wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, hasa yule mliyemteua kuwa Mkaguzi. Mwambie atoe taarifa wiki mbili kabla.

Nabaki, katika kusubiri uamuzi wako,

Babu
(Mkaguzi wa Shule, mstaafu asiye na barua ya kustaafu)

Nyongeza: Barua hii nilimpa Bibi aipitishe kituoni akienda shule. Aliifungua, kwa kuwa kila kinachotoka mlangoni hukaguliwa. Aliisoma yote amesimama, midomo ikitembea, akaniuliza maana ya "utumishi", kisha akaja kukaa kitandani kwangu ingawa alikuwa anachelewa. Nilimweleza kwamba sikatai kuandikwa. Nataka tu niandikwe upande wa watu. Akanifungulia fomu. Upande wa watu nimo. Mimi ndiye wa kwanza, juu ya mama yake na baba yake. Kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto:

"Babu, hawa wanahesabiwa Januari tu, basi. Hatari ndizo zinaangaliwa kila siku."

Nimekuwa mkaguzi miaka kumi na tisa na sikuliona hilo. Kuhusu stika, nilimuuliza. Akasema rafiki yake wa nyumba ya pili ataipata, ila babu hana.

Kwa hiyo maombi (a) hadi (d) naomba uyafute, pamoja na malalamiko yaliyoyatangulia. Niachwe namba nne. Nimebakiwa na ombi moja dogo, kwamba fomu za mwakani ziongezwe mistari. Nimemsomea kinyozi nyongeza hii alasiri ya leo, akasema kwamba yeye pembeni ya karatasi hapamtoshi, anaomba mstari wake.