Jicho Kali Ameidhinisha

Jumatatu, 6 Mei

Ijumaa Bosi anatangaza kiongozi wa timu. Tunaofaa tuko wawili, mimi na Miwani. Yaani ninafaa mimi, na Miwani yupo. Kiongozi anapewa meza ya dirishani. Yangu ya sasa iko mlangoni pa choo, na kila anayetoka humo anajifutia mikono kwenye mgongo wa kiti changu. Naitaka ile meza mpaka naiota.

Shangazi, ninayekaa kwake, ameshawatangazia majirani kwamba nimepata cheo. Nilimwambia bado. Akasema hilo ni suala la tarehe tu, akaendelea kunipigia mashati pasi.

Kikwazo ni utaratibu. Tunatengeneza programu ya kampuni ya dobi, ili mteja aone kwenye simu nguo zake zimefikia wapi. Msimbo wote, yaani maandishi yanayoiendesha programu, tunauweka kwenye tovuti moja mtandaoni, na kila mtu anafanya kazi kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni. Ukimaliza, unaomba kazi yako iunganishwe na tawi kuu. Kila Alhamisi asubuhi, kilichomo kwenye tawi kuu kinakwenda kwa wateja. Lakini huwezi kuunganisha kitu mpaka mwenzako asome na aidhinishe. Mwenzangu ni Miwani. Na Miwani anasoma kweli!

Leo kanirudishia kazi. Eti nimeondoa sehemu inayouliza nguo ni za nani. Nimeiondoa ndiyo, ilikuwa inachelewesha, na sasa programu inakimbia. Akauliza itajuaje basi nguo ni za nani. Nikamjibu kwamba mtu mzima anazijua nguo zake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akakataa. Wivu tu.

Jumanne, 7 Mei

Dawa imepatikana.

Bosi hapendi mambo ya nywila, hivyo madaraka ya kuongeza watu kwenye tovuti alinikabidhi mimi zamani. Asubuhi nimeongeza mfanyakazi mpya. Anaitwa Jicho Kali. Picha yake ni mlima wenye ukungu. Barua pepe yake ni yangu ile ya zamani ya chuoni. Mtu makini, hana maneno mengi. Nilimtumia kazi yangu, akaandika kwamba ni safi kabisa, akaidhinisha. Nikaiunganisha kabla chai haijapoa.

Miwani akaja mezani kwangu kuuliza huyo ni nani. Nikasema ni mtaalamu wa mkataba, anafanya kazi kwa mbali. Wakati huohuo Bosi akatoka chooni. Miwani akamuuliza kama anamfahamu Jicho Kali. Bosi akafikiri kidogo, akajifutia mikono kwenye kiti changu, akasema anamkumbuka vizuri, na kwamba walizungumza mengi siku ile ya usaili.

Nampenda sana Bosi.

Jumatano, 8 Mei

Miwani kaanza kunusa. Anasema huyo mtaalamu anakubali kila kitu. Nimeona bora Jicho Kali aonyeshe meno kidogo, basi nikamtuma aikague kazi ya Miwani.

Ikabidi niisome. Sijawahi kusoma kazi ya Miwani, huwa naidhinisha tu nikaendelea na mambo yangu. Kumbe anaandika vizuri, inaudhi. Nikasoma asubuhi yote, nikasahau hata kula, na mwishoni nikakuta kosa. La kweli! Programu yake ingewaambia wateja waje kuchukua nguo hata siku ambayo dobi amefunga. Jicho Kali akaeleza kosa na jinsi ya kulirekebisha, kwa upole na kwa ufasaha.

Miwani akamshukuru. Akaandika kwamba tangu aanze kazi hapa hajapata mtu wa kumsomea kwa makini namna hiyo. Bosi akaongeza alama ya kidole gumba. Mimi, kwa jina langu mwenyewe, sijawahi kuongezewa kidole chochote.

Mchana, ili asionekane ana upendeleo, Jicho Kali akanikosoa na mimi. Aliandika kwamba maelezo yangu ni mafupi na ya kivivu. Damu ikanichemka. Nikamjibu kwa jina langu kwamba asinifundishe kazi. Akanijibu kwamba hasira haijawahi kurekebisha msimbo. Miwani akamuunga mkono. Nimeondoka ofisini nimenuna, na kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na hoja.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa.

Kazi yangu imekwenda kwa wateja asubuhi. Ilikimbia kweli, hilo hakuna wa kulikana. Lakini kila mteja akaona kwenye simu yake kwamba nguo zote za dobi ni zake. Waaminifu wakapiga simu kuuliza. Wengine wakaenda na magari. Shangazi naye ni mteja, akanipigia akiwa na furaha, kwamba dobi kamzawadia koti la manyoya na suruali nyingi za kiume, na je, nazihitaji suruali?

Bosi akafungua tovuti kutafuta mwenye kosa. Ubaya wa ile tovuti ni kwamba haisahau. Kila badiliko lina jina la aliyeliandika na jina la aliyeliidhinisha, na la aliyeandika lilikuwa langu. Nikaona meza ya dirishani inayeyuka. Nikakimbilia chooni na simu, nikaingia kama Jicho Kali, nikalirudisha tawi kuu kama lilivyokuwa Jumatatu. Ni kubonyeza tu. Simu za wateja zikatulia.

Nilipotoka wanapiga makofi. Nikainama kidogo kushukuru. Makofi yalikuwa ya Jicho Kali. Bosi akasema huyo ndiye mtu: kakosea kuidhinisha, kaliona kosa, kalirekebisha, wala hajajisifu. Kisha akanigeukia mimi. Yaliyofuata siyaandiki.

Ijumaa, 10 Mei

Kiongozi mpya wa timu ni Jicho Kali.

Nimepiga makofi pia. Ningefanyaje? Bosi kabandika jina lake kwenye meza ya dirishani, na hakuna ruhusa ya kuikalia. Nimeweka mkoba wangu juu yake kwa bahati mbaya, nikafokewa. Jumatatu Jicho Kali anatakiwa kuhudhuria kikao kwa video, kamera ikiwa wazi.

Wakati wa kuondoka Miwani kanisubiri ngazini. Kasema amegundua jambo la ajabu: Jicho Kali huwa kimya kila ninapokwenda kula. Nikamwambia huenda tuna njaa za kufanana. Akasema Bosi ana roho nyepesi, mtu akimweleza ukweli mapema atacheka, na yeye Miwani atakuwa upande wa mtu huyo. Nikamwuliza mtu gani. Akashusha pumzi, akateremka ngazi.

Nyumbani, Shangazi kafunga koti la manyoya vizuri kwenye mfuko, tayari kulirudisha. Akaniuliza habari za cheo. Nikasema kimekwenda kwa mtu wa karibu sana.

Jumatatu, 13 Mei

Jicho Kali amejiuzulu. Alfajiri alimwandikia Bosi kwamba afya yake haimruhusu kukaa mbele ya kamera, na kwamba anampendekeza mrithi. Mrithi ni mimi. Barua nzuri mno, nilipata machozi nilipoirudia.

Bosi kaisoma kikaoni kwa huzuni, akasema hata wagonjwa hukosea, akampa Miwani uongozi.

Miwani kahamia dirishani. Halafu, mbele ya watu wote, akasema anachokikosa ni ile kazi ya Jicho Kali ya kusoma. Nguo za watu zisingepotea tena kama pangekuwa na mtu wa kusoma namna ile. Anamtafuta mtu huyo, na ameshamwombea meza ya pili, hapohapo dirishani. Akanitazama muda mrefu. Bosi naye akanitazama, kwa sababu Miwani alikuwa ananitazama. Nikasema kwa masikitiko kwamba watu kama yule hawapatikani siku hizi. Miwani akavua miwani, akaifuta sana.

Kwenye meza ya pili ukawekwa mtambo wa kuchapishia.

Kisha Miwani akatangaza utaratibu mpya. Kuanzia leo mtu mmoja kuidhinisha haitoshi. Ni lazima wawe wawili.

Nimerudi mezani kwangu mlangoni pa choo nimekata tamaa kabisa. Wawili! Nimekaa hivyo karibu saa nzima, watu wanajifutia mikono, ndipo nikakumbuka kwamba madaraka ya kuongeza watu hakuna aliyeninyang'anya.

Sikio Pevu nimempa picha ya ziwa. Pua Ndefu bado namtafutia, lakini tayari ameshaidhinisha.