Mfalme Hafiki kwa Gari

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefika Tolliver, Iowa. Kwa basi! Mimi, Delbert Haugen, niliyedandia treni za mizigo tangu ndevu hazijaota, nimekalishwa siti ya dirishani kama bibi anayekwenda kumwona daktari. Ningefanyaje? Treni yangu imelala kwenye reli ya kando huko Nebraska, haina habari, na Jumamosi ndiyo tunachagua Mfalme wa Wadandiaji. Taji lenyewe ni kopo la kahawa lililokatwa meno, lakini ni taji. Miaka sita nagombea. Miaka sita!

Sharti ni moja tu: mgombea aje kwa treni. Kwa hiyo nimejificha kichakani nje ya mji. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 8 Agosti

Lorna Kikaango ameniona. Ndiye mpinzani wangu, na ana macho ya polisi wa reli. Alikuja mtoni kuchota maji ya sufuria kubwa ya wote, akanikuta nakula maharage. Akaniuliza nimeshuka treni gani. Nikamjibu bado sijafika.

Alicheka mpaka akamwaga maji. Eti, "Sasa mzee Delbert, kama hujafika, hayo maharage anayala nani?"

Hana adabu hata chembe! Na anagombea kwa sifa ya kupika. Tangu lini mtu akapewa ufalme kwa sababu ya mchuzi?

Lakini nina mpango. Treni husimama kupishana huko shambani, kabla ya kufika uwanja wa sherehe. Kesho nitapandia hapo, nishukie mbele ya umati mzima. Tuone nani atacheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Hujuma!

Zilisimama treni mbili. Moja ya nafaka, kuukuu, kutu tupu. Nyingine ya makontena, inang'aa. Mtu wa hadhi yangu ajipake kutu siku ya uchaguzi? Nikapanda ya makontena. Najua, najua, hizo hazisimami miji midogo. Nilidhani kwa siku kama ya leo dereva angekuwa na utu.

Tukaupita uwanja mbio ajabu. Nilipunga kofia, nikapiga mayowe wasimamishe. Upepo ukaichukua kofia. Na wale watu, badala ya kunisaidia, wakapanda juu ya viti wakashangilia! Makofi, miluzi, vigelegele. Wananicheka mchana kweupe, nami nachukuliwa!

Nimekuja kushukia Illinois. Sina kofia. Sina hamu ya kuandika zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Lorna kapiga simu alfajiri. Mimi ndiye mfalme!

Kura zetu ni makofi, na mwaka huu hakuna aliyepigiwa makofi kama yule mwendawazimu aliyepita juu ya makontena akipunga kofia. Nililia. Sioni haya kusema, nililia pale pale relini.

Ila taji lazima livaliwe Tolliver kabla jua la leo halijazama. Likizama, anavikwa wa pili, ambaye ni yeye. Akasema mpwa wake yuko jirani na nilipo, ana gari, atanipitia sasa hivi. Habari ya basi, ambayo kumbe aliibaini tangu siku ile ya maharage, hatamwambia mtu. "Panda tu gari, mzee wangu. Hata mimi nataka nikuone umelivaa." Tena alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi kuliko yote.

Mtego huo! Mfalme mteule ateremke kwenye gari, watu wote wanamwangalia? Ananichukulia mimi mtoto? Nikamkatia simu.

Nimeshadandia treni. Ya makontena, ndiyo iliyokuwa safi. Nimekaa wima, kifalme, na mwendo ni mzuri sana. Kero ni moja tu. Tolliver iko magharibi, na jua la asubuhi linanichoma usoni. Nimemfokea dereva, hasikii. Jua nalo limechomoza upande usio wake, makusudi, siku ya kutawazwa kwangu! Nitalishughulikia nikishavikwa taji.