Mguu Uliozuiwa Juba

Hakukuwa na mtu katika Taasisi ya Uchunguzi wa Mbu, pale Nyakuron mjini Juba, asiyeijua Kanuni ya Saba: mguu wa utafiti hauondoki kituoni kabla haujapatikana mguu mwingine wa kushika nafasi yake.

Mudir Fortunato, mkurugenzi, aliiona kanuni hiyo kuwa nguzo ya sayansi ya taifa. Kwa miaka tisa mtafiti wake, Lagu, alikuwa akiketi uani kila jioni, suruali imekunjwa hadi gotini, akiwanasa kwa kichupa mbu waliotua juu ya mguu wake na kuwahesabu. Vita vilipoingia mjini na watu wakakatazwa kutembea gizani, Mudir hakutetereka. Alilihamisha zoezi hadi saa kumi na moja, jua likiwa bado juu, akabandika tangazo ukutani kuwajulisha mbu saa mpya. Waliochelewa waliandikwa kuwa watoro.

Sasa Lagu alikuwa amepata kazi Entebbe, katika maabara ambamo mbu hukamatwa kwa mtego wa taa na watafiti huvaa soksi. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Akikosa, nafasi ingepewa mwingine. Msafara wa magari ya Nimule, mpakani mwa Uganda, ukisindikizwa na askari, ungeondoka Jumamosi alfajiri. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Mudir, mimi iko na barua," alisema Lagu. "Bibi na watoto iko Uganda tangu risasi ya Julai. Niachilie tu."

"Wewe nenda, mwanangu," Mudir alimjibu kwa upole. "Mguu ubaki."

Kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliunda papo hapo Kamati ya Kudumu ya Urithi wa Mguu, akawaita watumishi wote kikaoni Ijumaa asubuhi. Dereva Mogga alieleza kwamba mguu wake mmoja ni wa breki na wa pili ni wa klachi, na serikali haikuwahi kumpa wa tatu. Akaulizwa mlinzi, Tombe.

"Huu mguu ilikimbia vita kutoka Yei mpaka Arua, Uganda huko, Mudir," alisema Tombe. "Ikarudi, ikatembea tena. Wacha ikae ndani ya buti."

Mudir alihuzunika kuona jinsi uzalendo ulivyonyauka. Akasimama, akanena kwa robo tatu ya saa juu ya kujitoa mhanga, na mwishowe akalipiga paja lake. "Mguu wangu mwenyewe uko tayari," alisema, "kuanzia leo."

Katibu Ketty aliinua kalamu. "Niandike hiyo, Mudir?"

"Neno kwa neno."

Lagu alipendekeza jambo hilo lipitishwe, Tombe akaunga mkono kwa uchangamfu ambao hakuwahi kuuonyesha langoni. Mudir aliamini kwamba wanaipitisha hotuba. Akawashukuru, akatia sahihi muhtasari, akaugonga muhuri mara mbili.

Saa kumi alasiri Ketty aliingia ofisini na fomu ya kumruhusu Lagu aondoke. Nafasi ya mrithi wa mguu ilikuwa imekwisha kujazwa jina la Mudir.

"Yale yalikuwa maneno ya kutia moyo," alisema Mudir.

"Muhtasari haina sehemu ya kutia moyo, Mudir. Iko ya maazimio tu."

Mudir akakumbuka kwamba mwezi Machi alimfukuza mpishi kwa kosa la kukana muhtasari uliotiwa sahihi. Alikohoa, akaisaini fomu. Lagu hakungoja wino ukauke. Alipanda boda na begi moja mapajani, alfajiri akaondoka na msafara, na Jumatatu akaripoti Entebbe.

Jioni ya Ijumaa ileile Mudir aliketi uani. Ulikuwa mguu uliokaa miaka kumi na miwili chini ya meza, ukilishwa vizuri, laini kama mkate uliotoka sasa hivi tanurini. Mbu walifika kabla ya wakati, hata wale watoro wa zamani. Katika nusu saa alinasa wengi kuliko alivyonasa Lagu kwa mwezi mzima.

Kamati, baada ya kuzitafakari takwimu hizo, iliazimia kwa kauli moja kwamba mguu huo usihamishwe, usipewe likizo, wala usisafiri kwenda semina yoyote ng'ambo mpaka vita viishe. Mudir alitia sahihi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa kazini, ukikuna.