Hisabati Bila Cheti

Jumatatu, 24 Februari 2025. Komarock.

Kwa miaka ishirini na sita nilifundisha Hisabati katika sekondari ya serikali bila kufuzu Hisabati. Hajui mtu. Vyeti vyangu ni vya Historia na Dini! Mwalimu wa Hisabati alipohama, mkuu aliuliza nani mwingine amelisomea somo. Nikasema mimi. Kiti cha huyo aliyehama kilikuwa na mikono.

Mwezi uliofuata akaletwa Zedekiah, amefuzu Hisabati na Fizikia. Nafasi zimejaa. Wakampa Michezo. Mpaka kustaafu!

Sasa daktari akinipima moyo hutazama dirishani. Na Norah, mwanafunzi wangu wa zamani, leo mwalimu mkuu pale, anataka kukipa chumba kipya cha Hisabati jina langu. Nakala ya cheti itatundikwa mlangoni, vijana waone kwamba mwalimu hufundisha alichosomea.

Lakini nina njia! Ramadhani inaingia. Kwetu watu huombana radhi kabla ya mwezi. Unasema nisamehe nilichokukosea, unajibiwa nimekusamehe, huulizwi kitu. Nitaichukua radhi ya Zedekiah kesho.

Jumanne, 25 Februari.

Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Nimepumzika mara mbili njiani. Nikaomba radhi. Zedekiah ni Msabato, hajui utaratibu. Akauliza kosa lipi. Nikasema yote kwa jumla. Akasema kwa jumla hasamehi, nitaje moja moja.

Nikataja mwavuli wake uliopotea 1991. Balaa! Alikuwa amemshuku mtu mwingine. Anautaka.

Jumatano, 26 Februari.

Binti yangu Ummulkheir amenunua mwavuli mpya. Zedekiah akaufungua, akaufunga, akasema wake ulikuwa na mpini wa mbao. Akauliza kama kuna lingine. Nikakiri kumsengenya. Hilo alilijua. Radhi bado!

Alhamisi, 27 Februari.

Kifua kimebana tangu alfajiri. Nimekwenda, nimesema yote. Cheti, kiti, nafasi yake.

Akamaliza chai yake kwanza. Kisha akasema alijua tangu wiki ya kwanza. Alipita dirishani akaona ubaoni pembetatu yangu ina digrii mia mbili. Kuanzia siku hiyo, kila kipindi cha Michezo aliwakalisha wanafunzi nyuma ya goli na kulifundisha upya somo langu. Wao walidhani mimi ndiye niliyempangia!

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

“Ningesema, Mzee Abdurahim, wangekupa wewe Michezo. Watoto wangekosa vyote viwili.”

Akanisamehe. Kwa sharti moja: Norah aupate ukweli kwangu mwenyewe.

Ijumaa, 28 Februari.

Nimempigia Norah! Nikamwambia chumba kipewe jina la Zedekiah. Kabla sijafika kwenye sababu akaanza kulia. Akasema, “Mwalimu, unyenyekevu huu sijapata kuuona!” Sikumkatiza. Haifai kumkatiza mtu anayelia.

Alipotulia, akasema mwalimu wa Fizikia yuko likizo ya uzazi. Je, namjua mstaafu yeyote aliyefuzu, wa kusaidia asubuhi mbili kwa wiki?

Jina la Zedekiah lilikuwa mdomoni kabisa. Nikauliza kwanza habari za ofisi. Viti vyote vipya. Vina mikono na magurudumu!

Naanza Jumatatu. Fizikia sijaisoma hata siku moja.