Shangazi Aliyekunywa Fanta ya Wakwe

Leo nimeaibika, wenzangu. Si aibu ya kujikwaa sokoni. Nimeaibika mbele ya koo mbili, na kuku wao wakishuhudia.

Mnajua tangu turudi Burundi kutoka Tanzania naishi Gitega peke yangu. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto walibaki Kasulu, mimi na cherehani tunatazamana. Ndugu wa damu niliye naye nchi hii ni kaka yangu Melkiori, wa Butihinda kule Muyinga. Yeye alibaki na baba wakati mimi nakimbizwa Tanzania mgongoni kwa mama. Tumekuja kufahamiana ukubwani, na mpaka leo tunasalimiana kama watu waliokutana kliniki.

Wiki iliyopita akanipigia kuhusu binti yake. "Dada, tunapokea wakwe ya Evelina. Mtoto anahitaji shangazi. Uje ukae mbele."

Nililia. Kukaa mbele! Mimi ambaye Krismasi nakula na redio!

Sasa mjue pia kwamba nina kisukari, kile cha ukubwani. Cha kwangu ni vidonge tu, namshukuru Mungu. Muuguzi alinieleza vizuri kabisa: "Hiki kinashusha sukari. Ukikimeza, ule hapohapo. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, kunywa kitu kitamu upesi, halafu ule chakula. Na umwambie mtu unayekaa naye." Nikaenda nyumbani nikamwambia cherehani.

Leo nimetoka Gitega alfajiri bila hata chai. (Nilitaka kufika na njaa ya heshima.) Kidonge cha asubuhi nikakiahirisha, nikasema nitakimeza na chakula cha sherehe. Akili nyingi! Nimefika, nimevishwa imvutano, lile vazi letu la kufungwa begani, na mkoba wangu wenye pipi ukabaki chumbani. Nimekaa tu, nikaona akina mama wanapita na masufuria ya wali, maharage na ndizi. Harufu yake! Nikajua ndiyo saa yenyewe. Nikameza.

Masufuria yakapita. Yakaingia jikoni. Mlango ukafungwa.

Kumbe kwanza ni maneno. Msemaji wa wakwe, mzee mwembamba mwenye fimbo, akaanzia kwa babu wa babu yake. Wa kwetu akamjibu kuanzia kwa babu wa babu yetu. Kila mmoja anajifanya hajui mwenzake amefuata nini. Na mbele yangu wakwe wameweka chupa ya fanta, ya shangazi, masenge kwa Kirundi. Haiguswi mpaka wapatane ng'ombe wa mahari, kwa sababu shangazi akinywa, ameshamtoa mtoto. Hilo nililijua. Naapa nililijua.

Walipofika kwenye ng'ombe, mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Jasho linanishuka mgongoni. Mama aliyekaa karibu akanipapasa goti: "Ni furaha, eeh? Pole." Nikaitika kwa kichwa. Ningesema nini? Siku ya kwanza ninapewa kiti kwetu, nianze kulilia chakula? Melkiori anataka ng'ombe wanne, wao wanasema wawili, na mimi kila msemaji namwona yuko mara mbili. Nikaogopa kweli. Nilijua nikianguka pale, hakuna hata mmoja atakayejua nina nini.

Nikaitazama fanta. Fanta ikanitazama.

Nikaifungua kwa meno. (Bado mazima, hilo mnalijua.) Nikainywa yote bila kupumua.

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Yampaye inka!" akamaka yule mama wa karibu kwa mshangao.

Mzee wa fimbo hakupoteza muda. "Masenge amekunywa! Bon, tunashukuru, tumepewa mtoto!" Upande wao ukalipuka kwa vigelegele. Ng'ombe walikuwa bado wawili.

Melkiori akanijia mbio. "We dada, umefanya nini? Mi sijaitika bado!"

"Kaka, nina kisukari. Nimemeza dawa na sijala. Ningeanguka."

Akanikodolea macho. "Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Na mbona mi sijui?"

(Yeye hajawahi kuuliza. Mimi sijawahi kusema.)

Mnadhani aibu iliishia hapo? Mzee wa fimbo akaamuru maneno yasimame, shangazi ale kwanza. Wakanipakulia sahani kama mlima. Koo mbili zikatulia kunitazama nikitafuna. Mimi ninayekula peke yangu kila siku, leo nimekula peke yangu mbele ya watu wote wale! Bibi mmoja wa upande wao akawa ananibembeleza: "Tafuna polepole, mama. Sisi hatuna haraka tena."

Mtetemeko ulipoisha kabisa nikachukua mkoba wangu, nikaondoka bila kuaga. Sasa niko Muyinga mjini, kwenye chumba cha kulipia. Nilikitafuta mapema, maana hakuna aliyeniuliza nitalala wapi. Jioni nimeagiza wali na maharage kwa mama mwenye mkahawa hapa chini, nikala nikitazama ukuta.

Ndipo simu ikalia. Ujumbe wa Evelina, bibi harusi mwenyewe: "Masenge, umeniuza na fanta moja. Papa iko na hasira juu ya ng'ombe yake. Lakini umekula?"

Nimeusoma mwisho wake mpaka macho yamelowa. Tangu turudi, hakuna mtu aliyeniuliza hivyo.

Nimemjibu kwamba nimekula, na kwamba kidonge changu hakitatangulia sahani tena.

Kwa hiyo sitawaambia msicheke. Chekeni mpaka mchoke. Ila atakayecheka amejipa zamu: saa ya chakula anipigie, aniulize kama nimekula.