Taarifa ya Kifo cha Deni la Mguu

Nanyala,
Alhamisi, 13 Machi 1952

Bwana Mganga Sadoki mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wagonjwa wako, kadiri wagonjwa wawezavyo kuwa wazima.

Nasikitika kukuarifu kwamba deni langu la matibabu ya mguu, lililozaliwa zahanatini kwako mwaka 1949, litafariki keshokutwa Jumamosi, litakapotimiza miaka mitatu bila kufikishwa barazani. Wewe mwenyewe ulinifundisha sheria hiyo: muda ukipita, mdai hasikilizwi tena. Hivyo mtamba wangu, uliyeapa kumkamata, atabaki zizini kungoja mahari ya mwanangu Lwitiko.

Kabla ya msiba huo, ninayo malalamiko.

1. Kila Jumapili kanisani unaacha kunisalimu mimi, unausalimu mguu: "Mguu wangu, hujambo? Huyu bwana anakutunza?" Washirika hucheka hadi sala ianze. Kuanzia Jumamosi mguu ni wangu. Usiusalimu bila idhini.

2. Ulisema pia kwamba mdaiwa akilipa hata kidogo, au akilikiri deni kwa maandishi kabla muda haujaisha, miaka huanza kuhesabiwa upya. Kwa sababu hiyo umenilazimisha kuwa mchoyo. Mavuno matatu sikukuletea hata yai, ingawa kwetu aliyeponywa humkumbuka aliyemponya. Aibu hiyo naidai kwako.

3. Unataka siku nilizokuwa Rhodesia ya Kaskazini zisihesabiwe. Nilivuka pale Tunduma kumzika shemeji, nikarudi. Ikiwa muda husimama mtu avukapo mpaka, mbona shemeji alikufa huko huko?

4. Deni likifa, mfiwa ni wewe. Mimi nilikuwa mlezi tu, tena bila msaada. Tutakuja ukoo mzima kukupa pole, na tutalala matanga. Tafadhali andaa ugali wa kutosha.

Msalimie Mama Priska, wauguzi wote, na yule mzee wa kitanda cha dirishani kama bado yupo.

Nasimama kwa miguu yangu yote miwili,

Anyosisye

Tanbihi: Mke wangu Ferista amesikiliza barua hii, akaniuliza tangu lini watu wa kwetu wanapeleka habari za msiba mikono mitupu. Basi mchukuzi wa barua atakukabidhi jogoo leo hii. Na kwa kuwa sipendi kitu kisicho na maelezo kamili, nimemfunga shingoni kikaratasi chenye sahihi yangu: "Sehemu ya deni la mguu, kwa shukrani." Lwitiko amekisoma, kisha amekwenda zizini kumuaga mtamba.