Visa Isubiri Mashindano ya Kwaya

Jumatatu, 5 Mei
Visa ya Ujerumani imekubaliwa! Nipeleke pasipoti Nairobi ikabandikwe. Inaanza tarehe moja Juni, na kazi ya kutunza wazee papo hapo. Mke wangu Koki amelia kwa furaha. Ameshaanza kutaja mabati ya nyumba yetu kijijini Mata, iliyosimama bila paa tangu mvua za mwaka juzi.

Mimi nimeitazama kalenda. Mashindano ya kwaya ni tarehe kumi na nne Juni, kule Mwatate. Wimbo ni wangu, nimeutunga hapa Voi dukani nikiuza kava za simu. Nikienda, ataongoza nani? Mutinda! Msaidizi wangu, anayeongoza kwaya kama mtu anayefukuza ngedere shambani. Haiwezekani.

Jumanne, 6 Mei
Dawa imepatikana. Ubalozi unakubali mtu kuomba visa ianze baadaye, mradi mwajiri aridhie. Nimemwandikia mwajiri kwamba nina majukumu mazito ya kitaasisi. Koki akauliza taasisi gani. Kwaya, nikasema. Akasema wenzake hufunga na kusali visa itoke, yeye kajaliwa mume wa kusali ichelewe.

Ijumaa, 9 Mei
Mwajiri mpole ajabu! Niende na kundi la Septemba. Nafasi yangu ya sasa atapewa anayefuata kwenye orodha ya wakala wetu wa ajira hapa Voi, karatasi zake ziko tayari. Sikuuliza ni nani. Ya nini? Jibu lake nimelituma ubalozini mbio.

Kanisani sijasema kitu. Jumapili ninaagwa, na mbuzi wamekwisha nunuliwa. Nitatangaza baada ya kula.

Jumapili, 11 Mei
Nimeagwa vizuri sana. Pilau, mbuzi, sanduku la magurudumu, na koti zito ambalo kwa joto la Voi lilinitoa jasho hata kwa kulitazama. Pasta aliniwekea mikono. Akina mama wakalia. Nikalia pia, kidogo.

Kisha likatokea nisilolipanga. Pasta akakichukua kifimbo changu cha kuongozea, akakiombea, akamkabidhi Mutinda. Nilipiga makofi. Ningefanya nini?

Jumapili, 18 Mei
Nimetangaza kwamba visa imesogezwa. Sikusema ni nani aliyeomba. Nikanyoosha mkono nirudishiwe kifimbo. Mama Ndila, mwenyekiti wa kwaya, akasema kimeshaombewa kwa mwingine, na hatuwezi kumwambia Mungu kwamba siku ile tulikuwa tunajaribu tu. Aliyeagwa ameagwa, akasema.

Nimewekwa besi, mstari wa mwisho, nyuma ya Sylus, ambaye ni mrefu kuliko mlango. Duka nalo nilishamwachia shemeji yangu Wanza, naye amebadilisha kufuli. Sokoni kila mtu ananiuliza mbona bado nipo. Nimeanza kupita njia za nyuma.

Jumamosi, 14 Juni
Mwatate. Mpango wangu: niongoze kwa kichwa kutoka besi, waimbaji wanifuate mimi. Ubeti wa pili nikatikisa kwa nguvu zote. Aliyeniona ni Obadiah, jirani yangu wa besi, peke yake, akaninong'oneza kwamba nikizidiwa kuna zahanati karibu.

Tumeshinda. Hata kwaya ya Ronge, mabingwa wa kila mwaka, wako nyuma yetu. Mutinda kabebwa juu juu, na wimbo ni wangu! Naandika mara moja tu, sitarudia: iliniuma. Ilinichoma ndani kabisa.

Jumapili, 15 Juni
Mutinda ameitwa mbele. Nikadhani ni pongezi. Pasta akatangaza kwamba kijana anatuacha Jumatano, anaenda Ujerumani kutunza wazee. Mji ule ule. Nyumba ile ile ya wazee! Amepata nafasi ya ndugu fulani aliyesogeza tarehe zake, akasema Pasta, na kanisa zima likasema amina kwa ajili ya ndugu huyo. Koki alinigeukia, akanitazama mpaka wimbo uliofuata ukaisha.

Kwa kuwa safari imemshtukiza, kwaya haina pesa ya kumnunulia koti. Mama Ndila akauliza kama naweza kutoa langu, maana mimi sina haraka. Nimelitoa. Linamkaa vizuri kuliko mimi, mwizi yule.

Lakini ngoja! Pasta akakichukua kifimbo kwa Mutinda, akaangaza macho kanisa zima, akaniita mimi. Kikaombewa upya. Nimekishika! Mungu hamtupi mja wake. Fainali ni Mombasa, mwisho wa Septemba.

Koki yuko jikoni, anazigonga sufuria kuliko kawaida. Ameuliza kama mvua ya Mata nayo niiandikie barua isubiri. Nina kazi. Nimeshapata mwanzo mzuri: Mheshimiwa Balozi, kutokana na majukumu mazito ya kitaasisi...